Mfano wa Darasani Uliofika Hadi Riruta

Kuna watu kule Riruta ambao wakiniona njiani wananiuliza mume wangu hajambo, na mimi huwajibu hajambo, kwa sababu kueleza kunachukua muda na kila nikieleza naonekana mjinga zaidi kuliko nilivyoonekana siku yenyewe. Sina mume. Sijawahi kuwa na mume. Huyo wanayemuulizia nilimbuni mwenyewe kwenye kompyuta, kwa nia njema kabisa ya kufundisha, nikamleta kuposa nyumbani kwa mama yangu mzazi, na kanisa zima likatoka kumpokea. Bado nikikumbuka nasikia masikio yakiwaka moto.

Acheni nianze mwanzo, ili mkinicheka angalau mnicheke kwa mpangilio.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja pale katikati ya jiji (sitakitaja, kimeshanistahimili vya kutosha). Nilipewa wanafunzi wa mwaka wa pili, na somo lilikuwa uhandisi wa programu kwa miradi mikubwa. Wanafunzi wale walikuwa wamezoea vijiprogramu vidogo, kila mtu anaandika chake peke yake chumbani, kikifanya kazi anapiga makofi anaenda kulala. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha kwamba programu ikishakuwa kubwa na kuandikwa na watu wengi, shida si kompyuta tena, shida ni watu wenyewe, yaani huyu hajui yule amefanya nini, na yule anabomoa ukuta ambao mwenzake ameuegemea.

Mwenye somo hasa alikuwa Daktari Mwende, mama wa makamo kutoka Ukambani, mpole, asiyecheka ovyo, anayevaa kitenge na kilemba kila siku hata kama ni siku ya mvua. Aliniambia mapema kabisa, "Linet, siku ya mwisho ya muhula wanafunzi wakionyesha kazi yao, mimi nitakaa nyuma. Nikiridhika, somo ni lako mwaka ujao. Nisiporidhika, tutaagana vizuri."

Hayo maneno "tutaagana vizuri" niliyabeba muhula mzima kama jiwe ndani ya kiatu. Mnanijua mimi. Mimi ni mtu ambaye nikitaka kumjibu mtu "sawa" kwenye simu naandika, nafuta, najiuliza kama "sawa" peke yake haionekani kama nimekasirika, naongeza "sawa kabisa", naona sasa nimezidisha, narudia "sawa". Na mama yangu, ambaye ana duka la kushona nguo kando ya Naivasha Road, alikuwa ameshamtangazia kila mteja aliyeingia kupimwa kiuno kwamba bintiye ni profesa.

Sasa, mradi. Nilitaka wanafunzi wafanyie kazi kitu kikubwa cha kweli, si mfano wa kitabuni, na kitu kikubwa cha kweli nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu: mfumo wa matangazo wa kanisa letu, niliouandika mwenyewe nikiwa bado mwanafunzi. Pasta au katibu anaandika tangazo mara moja, linawafikia washirika wote kwenye simu zao. Mazoezi ya kwaya, msiba, mchango wa hospitali, kila kitu kinapita hapo. Nikautolea nakala, nikaweka nakala hiyo kwenye kompyuta za chuo, nikawagawa wanafunzi makundi: kundi moja lishughulikie kutuma, lingine lipokee majibu, lingine ligawanye ujumbe mrefu katika vipande, na kadhalika.

Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili. Kosa lilianzia kwenye uamuzi mdogo sana, wa dakika chache.

Katika ile nakala nilikuwa nimeweka majina ya uongo. Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili, Mtu wa Tatu, na nambari za simu zisizokuwepo. Wiki ya mwisho nikaanza kuyaangalia yale majina na kuona aibu. Nikajiambia, Daktari atakaa nyuma, ataona "Mtu wa Tatu" akimulikwa ukutani na projekta kwa herufi kubwa, atasema huyu binti anachezea wanafunzi. Basi nikayatoa, nikaingiza orodha ya kweli ya kanisa. (Ndiyo, najua. Daktari alishaniambia, Pasta alishaniambia, msijisumbue.) Nilijua ni hatari, sikatai, kwa hiyo nikaweka kizuizi. Ndani ya sehemu ya kutuma niliandika mstari mmoja tu, unaouambia mfumo kwamba ujumbe usitoke nje, uishie kwenye skrini. Nikaujaribu, ukashika. Nikaujaribu tena, ukashika. Nililala nikijiona mhandisi.

Kisha nikaanza kufikiria ujumbe wa kuonyesha. Nikiwaachia wanafunzi wataandika upuuzi, nikawaza, kwa hiyo naandika mimi. Niandike nini? Matangazo mengi ya kanisa letu ni ya msiba, lakini niliogopa kumwandikia mtu msiba hata wa kubuni, maana mama yangu akisikia atasema ninauita. Basi liwe la furaha. Furaha ya nani? Nikitumia jina la mtu mwingine nitakuwa nimemvunjia heshima. Basi nitumie la kwetu. Baada ya kuzunguka hivyo jioni nzima nikaandika hivi: "Bwana asifiwe. Leo saa kumi Mama Linet wa Riruta anapokea wageni wanaokuja kumposa binti yake. Kina mama mje mapema tupike. Mbarikiwe."

Nilisoma nikaona ni mzuri. Unafanana kabisa na matangazo yetu ya kweli.

Siku ilipofika wanafunzi walikuja wamependeza, maana niliwaambia wavae kama watu wanaokwenda kwa mteja. Faith wa kundi la majibu alivaa gauni la heshima na viatu vya kisigino. Kevo wa kundi la kutuma, kijana mrefu mwembamba wa Mutuini, alivaa suti ya kaka yake na tai nyekundu. Daktari Mwende akaingia kimya, akakaa nyuma kabisa, akafungua kalamu.

Nikaeleza kanuni. Badilisha vitu vidogo vidogo, si vyote kwa mara moja. Kazi yako isomwe na mwenzako kabla haijaunganishwa. Na, nikasema kwa sauti ya mtu aliyebobea, kamwe usifanyie majaribio watu wa kweli. Kisha nikasema, "Sasa tuone sehemu zote zikifanya kazi pamoja," nikabonyeza Tuma.

Kwenye ukuta pakaandikwa: umetumwa. Darasa likapiga makofi. Baada ya muda kidogo, chini yake yakaanza kuingia majibu.

La kwanza lilisema, "Haleluya! Hatimaye." La pili, "Mimi naleta sufuria kubwa na unga. Nani ana hema?" La tatu, "Hema iko kwangu, natuma vijana saa hii."

Nilifurahi jamani. Nikageuka kwa darasa nikasema, "Kundi la majibu, nawapongeza. Angalieni, wengine wangeweka maneno ya ovyo, hawa wamebuni majibu yanayofanana kabisa na ya watu wa kweli. Huo ndio umakini."

Faith akanyoosha mkono polepole. "Madam, hizo si zetu. Sisi tuliweka 'Jibu la kwanza' na 'Jibu la pili'."

Wakati anasema hivyo, jibu lingine likaingia ukutani: "Ni yule kijana wa Woodley?" (Kijana wa Woodley alinisaidia kubeba kompyuta mara moja, kutoka steji ya matatu mpaka nyumbani. Mara moja.) Darasa likaanza kucheka chinichini, kile kicheko cha watu ambao bado hawajui kama wanaruhusiwa.

"Kundi la kutuma," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda juu sana, "kuna mtu amegusa ile sehemu ya kutuma?"

Kevo akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Madam, kulikuwa na kamstari hapo kati. Kalikuwa kanazuia meseji zisitoke. Tukakatoa."

"Mkakatoa?"

"Asubuhi. Ndio demo iende poa. Tulidhani ni makosa, madam. Si kazi yetu ni kutuma? Na hiyo kitu ilikuwa inazuia kutuma."

"Kwa nini hamkuniuliza?"

Kevo akaniangalia kwa huruma kabisa, bila kiburi hata kidogo. "Madam, na wewe hukuandika ni ya nini."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimefikiria majina, msiba, heshima, hata rangi ya blauzi yangu, nikasahau kuwaambia watu wanaofanya kazi pale kwamba kile kizuizi ndicho kilichokuwa kinaushikilia ujumbe usimwagike juu ya kanisa zima. Nyuma ya darasa nilisikia kalamu ya Daktari ikiandika.

Jibu la Pasta likaingia: "Tumshukuru Mungu. Nimeahirisha mkutano wa wazee, tutafika wote." Kicheko sasa kikapata ruhusa.

Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nilianza kuandika ujumbe wa kurekebisha, wanafunzi wote wakinisomea kwa sauti herufi kwa herufi kutoka ukutani: "Bwana asifiwe tena. Naomba radhi sana kwa ujumbe wa kwanza, nimewasumbua bila kukusudia. Wale wageni wa Mama Linet hawatafika saa kumi kama mlivyoambiwa, kwa sababu hakuna wageni, ulikuwa mfano wa darasani." Nikatuma bila kumwuliza mtu yeyote, mimi niliyekuwa nimetoka kuhubiri kwamba kazi yako isomwe na mwenzako.

Kijana mmoja wa kundi la vipande akasema taratibu, "Madam, hiyo ni ndefu. Sisi bado tuko na shida na ndefu."

"Shida gani?"

"Inaenda kipande ya kwanza pekee."

Watu wa kanisa letu, basi, walichopokea ni kwamba wageni wa Mama Linet hawatafika saa kumi kama walivyoambiwa. Nukta. Majibu yakaja kama mvua. "Wanafika saa ngapi basi?" "Wamekwama Ngong Road hao, nawajua." "Tuanze kupika sasa hivi, wanaweza kuja mapema." Mtu mmoja alituma tu, "Nachinja." Sikujua anachinja nini.

Simu yangu ikalia. Mama. Nikatoka nje ya mlango, ambao haukufungika vizuri, kwa hiyo darasa zima lilisikia.

"Linet, nimeambiwa na simu kwamba unaposwa."

"Mama, ni makosa. Ilikuwa mfano wa wanafunzi."

"Mfano."

"Ndiyo Mama. Hakuna mtu."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, Mama."

"Hata wa kufikiriwa tu? Maana hapa vijana wanasimamisha hema kwenye ploti, na Mama Fanuel ameshakanda unga."

Mama Fanuel ndiye mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, na akishakanda unga hakuna mwanadamu wa kumrudisha nyuma. Nikamwomba mama awaambie ukweli. Akakataa kata kata. "Mimi? Niwaambie nini, kwamba kompyuta imekosea? Watasema nimeficha jambo. Wewe ndiye umewaita, kuja uwaambie." Nikajaribu kumpigia Pasta, simu yake ikawa inatumika, nikapiga tena inatumika. (Baadaye nilijua alikuwa akiwapigia wazee mmoja mmoja.)

Nilirudi darasani nikamkuta Daktari Mwende amesimama, mkoba begani. Nikajua, basi, ndio tunaagana vizuri.

"Twende," akasema.

"Wapi, Daktari?"

"Riruta. Mfumo ukimharibikia mteja, mhandisi haandiki ujumbe mwingine. Anaenda. Na huyo aliyetoa mstari aje, na huyo wa majibu. Gari langu linatosha."

Safari ile siwezi kuielezea. Kevo alikaa nyuma na Faith, magoti yakimgusa kidevu, akisema kila baada ya muda, "Madam, mimi ndio nitaeleza. Ni sisi tulikosea." Mimi nilikaa mbele nikipanga maneno, nikiyafuta, nikiyapanga upya. Daktari aliendesha bila kusema chochote, na kila taa ilipokuwa nyekundu nilihesabu kuwa ni dalili mbaya.

Kitu ambacho hakuna yeyote kati yetu aliyekifikiria (na mimi hufikiria kila kitu) ni jinsi tulivyoonekana. Fikirieni nyinyi. Kanisa zima limekaa chini ya hema likisubiri wageni wa posa. Linasimama gari safi. Anashuka mama wa makamo mwenye kitenge na kilemba. Anashuka kijana wa suti na tai nyekundu, anatoa jasho. Anashuka binti wa gauni la heshima. Halafu nashuka mimi.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika nadhani mpaka Kawangware.

Kina mama walitufuata wakicheza, Mama Fanuel mbele kabisa na unga mpaka viwikoni. Alimkumbatia Daktari Mwende kwa nguvu zote. "Karibu mkwe wetu! Karibu nyumbani! Mmetoka mbali?"

"Kutoka mjini tu," akasema Daktari, akiwa bado amebanwa.

"Na huyu ndiye kijana?" Mama Fanuel akamshika Kevo mashavu. "Ni mwembamba. Lakini tutamlisha."

Nikapaza sauti, "Mama Fanuel, naomba kusema kitu!" Hapo ndipo wote waligeuka na kuniona nimesimama katikati ya wageni, na nyuso zikabadilika.

"Haya! Wewe unafanya nini hapa nje? Binti anayeposwa anazurura na wageni? Mwingizeni ndani huyo!"

Kwetu binti haonekani mpaka aitwe. Mnajua hivyo, nami najua, ila sikuwahi kufikiria kwamba ningekuja kuwa upande wa kubebwa. Akina mama wawili walinishika mikono, mmoja akanifunika leso kichwani, nikaingizwa chumbani kwa mama na mlango ukaegemewa na mtu mzito. Kila nilipofungua mdomo kusema hakuna posa, yule mama aliyeuegemea mlango alinibembeleza, "Usiogope mwanangu, hata mimi siku yangu nilikataa hivyo hivyo."

Nikabaki na dirisha. Kutoka pale dirishani nilimwona mama yangu amekaa kona ya hema, mikono mapajani, macho chini, na nilimsikia Pasta akianza mazungumzo rasmi.

"Kijana, karibu. Unafanya kazi gani?"

"Bado nasoma, Pasta," Kevo akasema. "Mwaka wa pili."

Hema likanong'ona. Mzee mmoja akauliza, "Na Linet si alishamaliza?"

"Yeye ndiye mwalimu wangu," akasema Kevo, na minong'ono ikawa sauti.

"Tulieni," akasema Pasta. "Mama, wewe utuambie kuhusu mtoto wako. Amelelewa vipi?"

Daktari Mwende alifikiri kidogo. Ni mtu wa ukweli sana. "Huyu? Mimi nimemjua muhula mmoja tu."

Wazee wakageukiana wote kwa pamoja. Kisha Mama Fanuel, kwa kuokoa hali, akapaza sauti kwamba binti aletwe, na wakanitoa, lakini si peke yangu. Siku hizi hapa Nairobi kila mtu, awe wa magharibi au wa mashariki mwa nchi, anaiga ile desturi ya kuwafunika wasichana kadhaa leso toka kichwani mpaka miguuni ili mchumba atambue wake, na kumbe walishawaandaa wasichana wawili wa kwaya. Tukapangwa mstarini, watatu, vipofu.

"Haya kijana, chagua wako!"

Nilisikia viatu vya Kevo vikikaribia kwenye nyasi, vikasimama mbele yangu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia. Kisha akanong'ona, "Madam, ni wewe? Nisaidie."

Nikaitupa ile leso.

Yale maneno yote niliyoyapanga kwenye gari yalikuwa yamepotea. Nikasema tu, "Hakuna posa. Huyu ni mwanafunzi wangu, na huyu ni mkubwa wangu kazini, na ule ujumbe niliuandika mimi kama mfano wa darasani, na nimetumia nambari zenu bila kuwaomba, naomba mnisamehe." Na kwa kuwa walikuwa bado wananiangalia kama mtu anayesema Kichina, nikaangalia huku na huku nikaona kamba ya hema. "Mnaona hii kamba? Mkimkuta mtoto hapa, hajawahi kuona hema, halafu mumwambie asafishe uwanja. Ataiona kamba inakatiza njia. Atafanya nini?"

"Ataifungua," akasema mtu.

"Na hema?"

"Itatuangukia!"

"Ni kosa la mtoto?"

Mzee mmoja akasema, "La aliyefunga kamba akanyamaza."

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyefunga kamba nikanyamaza. Hawa vijana walifungua kwa sababu sikuwaambia inashika nini. Kazi ikiwa ya watu wengi, ukijua kitu peke yako ni kama hukijui. Ndilo somo nililokuwa nafundisha leo, na sikulijua mpaka sasa hivi."

Kevo akasimama kando yangu. "Na sisi pia tulifaa kuuliza," akasema.

Mama Fanuel alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Kwa hivyo hakuna mume?"

"Hakuna, Mama Fanuel."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akageuka polepole kuangalia jikoni, ambako chapati zilikuwa zimepangwa kama mnara. "Chapati, je?"

Ni Pasta aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani. "Chapati ni za kweli," akasema, "tuombe tule," na katika ile sala aliniombea mume kwa sauti na kwa urefu ambao sitausahau, na hema lote likaitikia amina kwa nguvu za watu wenye njaa.

Mama yangu hakusema na mimi. Alimpakulia Kevo paja la kuku akamwambia, "Kula baba, wewe huna makosa." Faith akapata paja la pili. Mimi niliwekewa shingo. Lakini alipopita nyuma yangu alinirekebishia kola ya blauzi, bila kusema neno, na kusema kweli hapo ndipo machozi yalinitoka.

Daktari Mwende alikuwa amekaa kati ya Mama Fanuel na mke wa Pasta, anakunja chapati kama mtu wa nyumbani. Akaniita kwa kidole. Nikaenda, nikasimama mbele yake na sahani yangu ya shingo.

"Muhula mzima," akasema, "umefundisha kama mtu anayeomba asiulizwe swali. Kila kitu umeandika, kila kitu kiko sawa, na hakuna aliyeelewa. Leo umesimama hapo na nywele zimevurugika, umeelezea kamba, na nimeelewa hata mimi." Akakata kipande kingine cha chapati. "Nambari za watu wa kweli ukizigusa tena bila ruhusa, hatutaagana vizuri, tutaagana vibaya. Umenisikia?"

"Nimesikia, Daktari."

"Basi somo ni lako. Anza kuandaa."

Nilitaka kumwuliza kama ana uhakika, kama amefikiria vizuri, kama labda asubiri mpaka kesho asubuhi kabla ya kuamua. Nikaona ameshageukia sahani yake. Nikafunga mdomo, nadhani kwa mara ya kwanza maishani.

Nimeapa mambo mawili tangu siku ile. Sitaweka tena kizuizi mahali popote bila kuandika pembeni yake, kwa maneno ambayo hata mtu mwenye haraka ataelewa, kinazuia nini na kikitolewa nani ataumia. Na sitatuma tena kitu kwa watu bila mtu mwingine kukisoma, hasa nikiwa na hofu, maana hofu yangu huandika haraka kuliko akili.

Hilo la pili sikuachiwa niape peke yangu. Baraza la kanisa lilikaa likaamua kwamba tangazo lolote litakalopita kwenye mfumo wangu lisomwe kwanza na Mama Fanuel. Juzi nilimpelekea la mazoezi ya kwaya. Akalirudisha: hujasema ni Jumamosi gani. Nikarekebisha. Akalirudisha tena: umesema "wote mnakaribishwa", watakuja na wasioimba. Nikarekebisha. Mara ya tatu alilishika muda mrefu, akasoma, akasoma tena, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Hii sasa iko sawa. Lakini tuma kwangu pekee kwanza, tuone."